Mgonjwa Akishatoka Hospitali

Kikundi cha mchango kilifungwa wiki ileile kaka yangu alipotolewa hospitali. Mweka hazina aliandika hesabu, akashukuru waliotoa na walioomba, kisha watu wakaanza kujitoa mmoja mmoja. Sina la kuwalaumu. Walitoa sana: madereva wenzake wa Maungu na Mtito Andei, wanakwaya wenzake mama kule Werugha, mwalimu aliyetufundisha tukiwa wadogo, na watu ambao hata sura zao sizijui. Kama si wao, kaka asingefika Mombasa kupigwa picha ya kichwa. Lakini tangu wakati ule kuna jambo halijaniacha. Tuna desturi kubwa ya kumwokoa mtu, na tuna desturi kubwa ya kumzika. Hapo katikati, mtu akishaokolewa na bado hajawa mzima, kuna kipindi kirefu ambacho desturi zetu zinanyamaza, na kazi yote inawaangukia ndugu mmoja au wawili.

Kaka ni dereva wa malori ya kontena. Kwa miaka mingi njia yake ilikuwa Mombasa hadi Malaba na kurudi, na Voi ilikuwa mahali pa kuoga, kula na kunipigia honi akipita. Maradhi yalimwingia polepole, na huo upole ndio ulioyaficha. Kichwa kilimuuma wiki baada ya wiki. Jioni alishikwa na homa, usiku jasho likalowesha godoro la kichwa cha lori. Kila dalili ilikuwa na sababu yake barabarani: jua la Tsavo, kukosa usingizi, vumbi la foleni ya mizani. Alimeza dawa za maumivu alizonunua madukani njiani, akaendelea na safari. Kisha akaanza kutapika, na asubuhi moja pale Maungu akamuuliza tanboi wake, kijana msaidizi wa lori, mara mbili, wako mji gani. Kijana yule alichomoa ufunguo wa lori, akakataa kuurudisha, akamleta Voi kwa matatu. Hakusoma zaidi ya darasa la nane, na uamuzi wake ule ndio matibabu ya kwanza aliyopata kaka yangu.

Madaktari walitaka kumtoa maji ya uti wa mgongo. Huku kwetu sindano ile inaogopwa kuliko ugonjwa wenyewe. Kila mtu anamjua mtu aliyechomwa akapooza, au akafa kesho yake. Wengi wa hao walichomwa wakiwa wamekwisha chelewa, lakini hofu haipigi hesabu hiyo. Wajomba wakabishana nje ya wodi, sauti zikipanda. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi na rozari yake. Alisema wachome, akaendelea kusali. Majibu yalipokuja, yalikuwa TB, lakini si ya mapafu: ilikuwa imeshika utando unaofunika ubongo.

Sikujua kwamba TB inafika huko. Bakteria wake, ambao Robert Koch aliutangazia ulimwengu mwaka 1882, kwa kawaida hukaa mapafuni, lakini mara chache husafiri kwa damu hadi kwenye utando wa ubongo na kuanza kazi yao taratibu. Mishipa ya fahamu inayopita chini ya ubongo hubanwa. Ndiyo maana jicho la kulia la kaka lilikuwa limevutwa kuelekea puani, na kila kitu akakiona viwili, barabara mbili, wauguzi wawili, mimi wawili. Kabla dawa ya streptomaisini haijagunduliwa katika miaka ya 1940, karibu kila aliyepata ugonjwa huu alikufa. Leo wengi huponea, na hapo ndipo linapoanza jambo ninalotaka kulisema.

Mwaka 2004 matabibu walichapisha matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Vietnam. Wagonjwa wa TB ya ubongo, zaidi ya 500, walitibiwa kwa dawa za kawaida za TB, na nusu yao wakaongezewa deksamethasoni ya kupunguza uvimbe. Walioongezewa walikufa wachache zaidi. Lakini ulemavu mkubwa haukupungua kwa namna iliyoweza kuonekana wazi. Nilisoma habari hiyo kwenye simu, nimeegemea ukuta wa ukumbi wa hospitali, dawa hiyohiyo ikiwa inaingia kwenye mshipa wa kaka. Niliisoma tena na tena. Maana yake ilikuwa kwamba dawa ingemrudisha kwetu, na haingeahidi atarudi vipi. Huyo atakayerudi ni sisi tungempokea, na hakuna aliyekuwa akituandaa.

Mama alitaka apelekwe nyumbani Werugha. Alikuwa na sababu nzuri: hewa ya baridi, maji ya kijito, parachichi, majani ya kunde, majirani waliomjua tangu akiwa mtoto. Mimi nilitaka abaki Voi. Nyumbani kwetu mlimani hakuna hatua tano tambarare zinazofuatana. Njia ya kwenda chooni ni mteremko, ya shambani ni mteremko, ya kanisani ni mpando, na mvua ikinyesha ule udongo mwekundu unateleza hata kwa mbuzi. Mtu anayejifunza upya kusimama anahitaji sakafu ya saruji, hospitali iliyo karibu na uwanja usio na mawe. Tulibishana mama na mimi kwa heshima na kwa muda mrefu, na mwishoni alishuka yeye. Alikuja na gunia la viazi vitamu na maharagwe, akakaa nasi mpaka msimu wa kupanda ulipomwita. Wifi yangu alibaki Mariakani na watoto na kibanda chake cha chakula, kwa kuwa lazima mtu mmoja aendelee kuingiza pesa. Alikuja kila alipoweza, na usiku alipolala kwetu ndipo nami nililala kweli.

Asubuhi zilikuwa za dawa. Vidonge kabla ya chai, tumbo likiwa tupu. Miezi 2 ya mwanzo ni dawa 4 pamoja, kisha miezi 10 dawa 2, pamoja na vitamini ya kuzuia ganzi ya miguu. Mkojo ukageuka rangi ya machungwa, kama tulivyoelezwa, na bado ulimtisha mara ya kwanza. Dawa hizi hutolewa bure katika hospitali za serikali, na kila nilipoenda kuzichukua nilikumbuka deni ambalo wengi wetu hatulijui. Kozi ya miezi 6 wanayomeza leo wagonjwa wengi wa TB ya mapafu inatokana na majaribio yaliyofanyika mapema katika miaka ya 1970 hapa Kenya, na Uganda, Tanzania na Zambia. Wagonjwa wa nchi hizi ndio walioonyesha kwamba rifampisini au pirazinamidi ikiongezwa, hakuna haja ya mtu kumeza dawa mwaka mzima na nusu. Hawakuandikwa majina. TB ya ubongo bado inadai mwaka mzima, lakini mfupa wa tiba ni uleule.

Majirani waliuliza kuhusu kikombe chake. Swali la haki, na nililijibu kwa subira: mapafu yake yamepimwa, hayana ugonjwa, na hata yangekuwa nao, TB husafiri kwa hewa, si kwa kikombe. Nikakinywea chai mbele yao. Baadhi walirudi. Wengine waliendelea kusalimia kutoka langoni.

Lakini dawa na chakula na majirani si sehemu ngumu. Sehemu ngumu ilikuwa cheo. Kaka ni kifungua mimba, na baba alipofariki, kiti cha baba kilikuwa chake bila kikao. Ada yangu ya sekondari aliilipa yeye, akiwa bado tanboi, analala juu ya mizigo. Hapakuwa na jambo katika ukoo lililoamuliwa kabla hajapigiwa simu. Mtu huyo sasa alihitaji kufungwa vifungo vya shati. Kumwogesha halikuwa jambo la mimi dada yake mdogo kulifanya, sisi wote wawili tulilijua bila kulisema, kwa hiyo binamu yetu alikuja jioni, na dereva mmoja rafiki yake alipitia kila alipokuwa Voi kumnyoa ndevu. Kwenye mlango walifunga kamba ya katani ya Mwatate, nene, ili ajivute kutoka kitini mwenyewe. Daktari wa mazoezi aliisifu. Alfajiri, kabla jua la Voi halijawa kali, tulitembea hadi mahali ambapo tuta la reli mpya linaonekana, tukarudi. Alikataa mkono wangu kila asubuhi, na kila asubuhi nilitembea umbali wa mkono.

Na hasira ilikuwamo nyumbani. Sijui kwa nini tunaogopa kuitaja. Alikuwa akificha kidonge shavuni mpaka nigeuke. Alikaa saa nzima bila kunijibu, si kwa sababu ubongo umeshindwa kupata neno, bali kwa sababu hakutaka kunipa. Siku moja aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bora mngeniacha." Nami nilikuwa na hasira yangu. Niliikasirikia barabara iliyomfundisha kuvumilia maumivu mpaka yakawa kazi yake. Niliwakasirikia ndugu zetu waliotuma ujumbe wa "pole" wenye picha za maua. Na nilimkasirikia yeye, mgonjwa, kwa kupona kidogo kidogo hivyo, baada ya sisi kuuza ng'ombe. Hili la mwisho halisemwi. Anayeuguza anatakiwa awe na uvumilivu na imani, na watu wakija wanamsifu kwa hayo, na kila sifa inamzidishia kimya.

Mtu wa kwanza kuniuliza habari zangu alikuwa mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu, mmoja wa wale waliopewa mikoba na simu na serikali mwaka 2023. Alikuja kumwona kaka, akampima presha, akajaza fomu yake. Kisha akanigeukia: "Na wewe unalala?" Sikuweza kumjibu. Alikaa dakika chache zaidi, hakuongeza neno, akaenda nyumba ya pili. Namheshimu sana mama yule.

Ndipo nikaanza kufikiria jambo ambalo bibi yetu alikuwa akilisimulia nami nikilichukulia kama habari za kale. Wataita wa zamani walikuwa na ibada waliyoiita kutasa. Mtu anayetasa alichukua pombe ya miwa kinywani, au maji, akaipuliza nje, akisema maneno ya kuitoa hasira moyoni mwake na kumwombea heri yule aliye mbele yake. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi Dawida, kwenye milima yetu ya Taita, mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliiona ibada hiyo kuwa kitovu cha dini yote ya Wataita, akaiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1978. Waliamini kwamba hasira iliyo ndani ya moyo wa jamaa wa karibu inaweza kuleta ugonjwa, hata kama mwenye hasira hakukusudia ubaya, hata kama hasira yake ni ya haki. Haikuwa uchawi. Mchawi hukusudia. Hii ilikuwa hasira ya mtu wa kawaida: mama aliyesahauliwa, mdogo aliyenyimwa sehemu yake, hata wazee waliokwisha kufa ambao mafuvu yao yalihifadhiwa kwenye mapango ya ukoo. Mtu akiugua, mganga aliulizwa ni hasira ya nani, na mwenye hasira aliombwa aitoe.

Sitaki kuipamba zamani ile. Ni wazi kuwa watu walikufa kwa magonjwa yenye tiba wakati jamaa zao wakitafuta ni moyo wa nani umechafuka. Na ni rahisi kujua kidole kilielekezwa kwa nani mara nyingi, kwa sababu hata leo, mtoto akiugua, mama mkwe anamtazama mkamwana. Bakteria wa TB hajali kama ndugu wamepatana. Kidonge hufanya kazi yake hata katika nyumba yenye ugomvi, mradi kimezwe.

Lakini mradi kimezwe. Hapo ndipo bibi alipokuwa ameona kitu ambacho kadi ya kliniki haina safu ya kukiandika. Mgonjwa aliye na hasira na anayemuuguza huficha kidonge shavuni. Anayeuguza aliye na hasira na mgonjwa humpa dawa kwa wakati, chakula kwa wakati, na humnyima uso wake. Wazee walikosea kuhusu chanzo cha ugonjwa, nami nasema walikuwa sahihi kuhusu kinachotokea kati ya watu wawili wa tumbo moja pale ugonjwa unapokaa sana. Walijua pia kwamba hasira hiyo si dhambi ya mtu mmoja mbaya. Ni kitu kinachojikusanya kwa watu wema wanaoishi pamoja, na kinahitaji siku yake, mahali pake, na mtu wa kukiongoza kitoke. Misheni za Sagalla na Bura, zilizoanza katika karne ya 19, zilituletea kitubio na msamaha, na nashukuru. Lakini kitubio ni cha mkosaji. Anayeuguza ndugu yake hana kosa la kuungama. Ana hasira tu, na hana mahali pa kuipeleka.

Desemba tulimpandisha Werugha. Kutoka Mwatate kwenda Wundanyi barabara inajikunja mlimani kona baada ya kona, na kaka, aliyekuwa hawezi kukumbuka alichokula asubuhi, alituambia kila kona kabla hatujaifikia na gia ya kuingilia. Baada ya chakula, kimanga na nyama ya mbuzi, baba mdogo alituketisha. Yeye ni mzee wa kanisa na asingekubali nikiita kutasa alichokifanya. Alisali, akaweka kikombe cha maji mezani, akasema kila mtu atoe kilicho moyoni kuhusu ugonjwa huu, anywe, na aliye karibu asijibu.

Kaka alizungumza muda mrefu, maneno yakija polepole na wengine tukizuia midomo yetu tusimsaidie. Alisema anachukia kuzungumzwa akiwa hapo hapo, "amekula," "amelala," "leo yuko sawa," kana kwamba yuko Malaba. Alisema simu yake hairudi mkononi mwake. Alisema wageni wanasimuliwa namna alivyojikojolea wodini, naye amekaa mbele yao. Alimwambia mama kwamba macho yake yanamzika kila akimtazama. Mama alilia, hakujibu. Mimi nilisema habari ya ng'ombe, na kazi niliyoiacha, na kwamba nilichoka kusifiwa. Nilisema ninamkasirikia. Alinitazama kwa jicho lake ambalo sasa lilikuwa limekaribia kunyooka, na nikaona kwamba habari hiyo haikumshangaza hata kidogo. Alikuwa akiijua muda wote. Nilikunywa maji yangu.

Hakuna muujiza uliofuata. Kilichofuata ni mambo madogo. Simu yake ikawa yake, na deni la muda wa maongezi likawa lake. Dawa akazitunza mwenyewe, nami nikawa naangalia kadi Jumamosi, kwa makubaliano. Habari za wodini zikakoma kusimuliwa, na mgeni aliyeziuliza aliambiwa amuulize mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo ni la ndugu zaidi kuliko la mke au la mzazi. Ndugu anamjua mtu kutoka mwanzo, na kwa hiyo ndiye anayeweza kumdhuru zaidi kwa kumngoja. Sote tulikuwa tukimngoja kaka wa zamani: mwenye sauti ya juu, mwepesi wa kuamua, asiyelia. Aliyerudi analia kirahisi. Anafikiri kabla ya kujibu, na kelele za watu wengi zinamchosha haraka. Anasahau ahadi za jana na anakumbuka kila mzani kutoka Mariakani hadi mpakani. Ana upole ambao hakuwa nao, na sijui kama umeletwa na ugonjwa au ulikuwamo ukakosa nafasi. Wageni wakisema, "Utarudi tu kuwa yule yule," namwona akikunja uso. Nadhani wanamwambia, bila kukusudia, kwamba huyu aliyekaa mbele yao ni wa muda. Siku hizi nikimkumbusha ya utotoni, sifanyi hivyo ili kumvuta arudi. Namkumbusha kwa kuwa ni yake, na mara nyingi ananisahihisha.

Amekaribia kumaliza dawa. Anafanya kazi nusu siku kwenye yadi ya malori kando ya barabara kuu, anaandika magari yanayoingia na kutoka, daftari lake likiwa na mistari minene ili jicho lisipotee. Madereva wanampenda. Daktari amemkataza kuendesha, kwa sababu ya macho na kwa sababu aliwahi kupata kifafa akiwa wodini, na leseni yake iko kabatini. Wiki iliyopita aliniambia anataka kuijaribu pikapu ya baba mdogo kwenye uwanja mtupu, bila mtu, mwendo wa mguu. Nilikataa. Alikasirika, na safari hii aliniambia usoni.